Mgonjwa Hatoki

Jumamosi hiyo Fundi aliamka na mapambazuko akapiga deki nyumba nzima mara mbili, maana mama mkwe alikuwa anakuja. Hakuwa mama mkwe kamili bado. Ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili, na tangazo la tatu lilikuwa kesho yake. Lakini mama mwenyewe alishaanza kumwita "mkwe wangu" mbele za watu, na mwanamke yule hakuwa na kawaida ya kulirudisha neno lake mdomoni.

Fundi alikuwa mwanamke fundi wa makochi. Kazi aliirithi kwa baba yake pamoja na karakana na mazoea ya kushika misumari midogo kwa midomo huku mikono ikivuta kitambaa. Tangu baba afariki, watu waliacha kumwita kwa jina lake, naye hakulitafuta. Nyumba ilianzia pale karakana ilipoishia: sebule ndogo, chumba chake, na chumba cha nyuma. Zamani chumba hicho kilikuwa stoo ya sponji. Sasa humo alilala mgonjwa.

Mgonjwa huyo alikuja kwa namna ambayo mtaa mzima ulikuwa bado unaisimulia. Fundi alikwenda nyumba moja ya kupanga kuchukua kochi bovu, akamkuta mwanamke amelazwa uani chini ya kamba za nguo, upande mmoja wa mwili umekufa kwa kiharusi, mgongo umeanza kuoza. Mwenye nyumba alisema hamjui ndugu yake hata mmoja na chumba kimeshapata mtu mwingine. Fundi alipiga hodi kwa kila aliyetajwa na majirani kuwa ndugu. Wengine walimwambia amekosea nyumba, na wengine walinyamaza mpaka akaondoka. Basi akamlaza mwanamke yule juu ya lile kochi bovu, kochi likapakiwa kwenye gari la mizigo, wakaja hivyo hivyo barabarani watu wakishangaa. "Nilikwenda kuchukua kochi nikarudi na mtu," ndivyo alivyokuwa akijibu akiulizwa, halafu anaendelea na kazi yake. Alimtengenezea kitanda kipana cha mbao chenye godoro la vipande vipande, kila kipande kikiweza kutolewa ili kidonda kipate hewa. Akawa anamwita dada, maana ulimi wa mgonjwa ulikuwa mzito na jina alilolitaja siku ya kwanza halikueleweka.

Mfamasia alitangulia kufika. Huyo ndiye mchumba, kijana mrefu wa sauti ya chini, mwenye duka la dawa mkabala na kanisa. Walijuana siku Fundi alipoingia dukani na msumari umezama kiganjani. Mfamasia aliutoa, akaosha, akafunga bendeji, na akaendelea kuushika ule mkono hata baada ya bendeji kuisha. Kidonda kilipona, mkono haukurudishwa.

"Umewahi," Fundi alisema.

"Nimekuja kukuona kabla hujaanza kunipa heshima mbele ya mama." Aliweka kifurushi mezani: pampas za watu wazima, dawa ya vidonda, pamba. "Mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Kidonda cha kiunoni kimeanza kuziba. Jana alicheka."

"Alicheka nini?"

"Nilijipiga dole gumba kwa nyundo. Nadhani alifurahi kuona mwenzake."

Mfamasia alicheka, kisha akaacha kucheka akabaki anamtazama. Alikuwa na tabia hiyo ya kumtazama mtu kama anayesubiri kuambiwa kitu kizuri. Fundi alijifanya anatafuta mkasi. Alimpenda mwanamume yule kiasi cha kuogopa, na uoga huo hakuwahi kumwambia mtu.

"Mama anasema lazima amwone mgonjwa wako," Mfamasia alisema. "Anasema haiwezekani mwenyekiti wa wanawake wa kanisa apite mlangoni kwa mgonjwa bila kumwombea. Nimemwambia awe mwepesi, anachoka haraka."

"Nani anachoka, mgonjwa au mama?"

"Mgonjwa. Mama akianza kuomba, anayechoka ni malaika."

Walikuwa bado wanacheka mama alipobisha hodi.

Aliingia amevaa sare ya wanawake wa kanisa, kitambaa kimefungwa kichwani bila kupinda hata uzi. Mtaani kote hapakuwa na kitanda cha mgonjwa ambacho hakukipigia magoti, isipokuwa hiki. Nyuma yake aliingia Shangazi, dada wa marehemu baba yake Mfamasia, mwanamke mnene mwenye kusema lililo moyoni kabla moyo haujamaliza kulifikiri.

"Mkwe wangu," mama alimkumbatia Fundi. "Mbona umekonda? Biharusi akikonda, lawama inaangukia kwetu."

"Mwache akonde," Shangazi alisema akijitupa kwenye kochi jipya la mteja. "Gauni litaingia. Langu la harusi lilishonewa mtu ambaye sikuwa mimi."

Wakanywa chai. Wakazungumzia mapazia, viti, na nani akae na nani. Kisha mama akashika Biblia yake akasimama. "Nipeleke kwa mgonjwa."

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja, na mgonjwa alikuwa amegeukia ukutani. Fundi alidhani amelala. Baadaye alikuja kuelewa kwamba alikuwa ameisikia ile sauti tangu mlangoni. Mama alipiga magoti, akaushika ule mkono uliokufa, akafumba macho. Aliomba kwa sauti nzuri ya polepole, akimwomba Mungu amtazame binti yake huyu, amnyanyue, amfutie machozi, amsamehe yote aliyomkosea kwa kujua na kwa kutojua. Alipomaliza, Shangazi na Mfamasia, waliokuwa wamesimama mlangoni, wakaitika amina.

"Geuka, mama, nikuone," mama alisema kwa upole.

Mgonjwa hakugeuka. Fundi, akidhani ni udhaifu tu, alipitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akamgeuza kama alivyozoea kumgeuza.

Mama alimtazama. Kisha aliuachia ule mkono, ukaanguka juu ya shuka.

"Kipusa," alisema.

Shangazi alishika fremu ya mlango. "Mungu wangu. Ni yeye."

Jina hilo Fundi alilijua kama watu wa nyumbani kwa Mfamasia walivyolijua. Halikuwa likitajwa, ila lilikuwepo. Kipusa alikuwa mwanamke ambaye baba yake Mfamasia alimfuata, akaacha mke na mtoto mdogo, asirudi mpaka alipoletwa ndani ya jeneza. Mfamasia hakuwahi kumwona kwa macho.

Mama alinyanyuka taratibu, akajifuta mikono kwenye sketi, akatoka. Wakakusanyika karakanani, katikati ya mbao na vitambaa.

"Ulijua?" mama alimuuliza Fundi.

"Sikujua, mama. Naapa."

"Naamini. Huna uso wa uongo." Alivuta pumzi. "Basi sasa umejua. Mtoe."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kama mkwe mwema. Neno hilo lilimfanya akiinue.

"Nimtoe niende naye wapi?"

"Alikotoka."

"Alikotoka alikuwa amelala chini, anaoza."

"Nami nilikuwa wapi?" Sauti ya mama haikupanda. Ilishuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unamwona huyu mchumba wako? Baba yake alipoondoka alimwambia atakuja kumchukua watembee. Mtoto huyu akawa analala na viatu. Kila siku. Nikimvua, anaamka analia, anasema baba akija atanikuta sijawa tayari. Nilimlaza na viatu mpaka vikambana, akavivua mwenyewe. Mimi nilikuwa nakaa kitandani namtazama yule mtoto na viatu vyake, nikijua baba yake yuko na huyo uliyemtandikia shuka safi."

Mfamasia alikuwa amegeuka, anatazama barabarani.

"Wifi," Shangazi alisema polepole, "yote ni kweli. Lakini kaka yangu alitoka kwa miguu yake. Hakubebwa."

"Wewe ulikuja kunisaidia au kumtetea?"

"Nilikuja kunywa chai. Sasa niko hapa."

Mama alimrudia Fundi. "Binti yangu, sikuchukii. Wasaidie wagonjwa wa dunia nzima, nitakubebea beseni. Lakini siyo huyu. Chagua mwingine."

"Mama," Fundi alisema, "siwezi kukwambia usiumie. Ningekuwa wewe, pengine ningetoka mle ndani nikapasua kioo. Lakini mimi sikumchagua. Nilimkuta. Hatoki."

"Ni rahisi kwako kusema. Hakukuibia wewe."

"Kweli. Kwangu ni rahisi. Ndiyo maana nifanye mimi. Sikuombi umwogeshe, sikuombi umsalimie. Nakuomba uniache nimwogeshe mimi, nisiyemdai kitu. Na kumwombea umeshamwombea."

"Nilimwombea bila kujua."

"Mungu alijua."

Mama alipokea neno hilo kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Midomo ilicheza, lakini hakulia.

"Kesho mchungaji atasoma tangazo la tatu," alisema. "Atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kama huyo mwanamke bado yumo ndani ya nyumba hii, atanikuta nimesimama." Akaelekea mlangoni. "Mwanangu, twende."

Mfamasia hakutoka mara moja. Alimsogelea Fundi, akanong'ona kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa.

"Tumtafutie pahali pengine. Kwa muda tu."

"Wapi?"

"Tutatafuta. Mpaka harusi ipite."

"Halafu?"

Mfamasia aliokota kipande cha kitambaa mezani, akakikunja, akakikunjua.

"Nikuulize wewe unayejua dawa," Fundi alisema. "Wakati tunatafuta, nani atamgeuza? Kile kidonda kikilaliwa siku nzima kinarudi mfupani. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sikujua nakufundisha kwa ajili ya nani." Macho yake yalikuwa mekundu. "Pampas nilikuwa nachagua mwenyewe, zile laini. Nilikuwa nafikiria, maskini, mama wa watu. Usiniweke katikati, nakuomba."

"Sijakuweka. Umesimama hapo mwenyewe."

Alimtazama kwa muda mrefu, na safari hii halikuwa lile jicho la kusubiri kitu kizuri. Kisha akamfuata mama yake. Hakuaga. Shangazi alibaki nyuma kidogo, akamshika Fundi shavu kwa kiganja chake kinene, akatikisa kichwa, naye akaondoka.

Fundi alikaa kwenye rundo la sponji akalia kilio kifupi, cha mtu ambaye ana kazi inamngoja. Alipomaliza alinawa uso akaingia chumba cha nyuma. Kuta zilikuwa za mbao. Aliyelala mle alikuwa amesikia kila neno.

"Nitoe," Kipusa alisema. Neno lilitoka upande mmoja wa mdomo. "Uolewe."

"Nani kakuomba ushauri?"

"Nitoe. Kesho."

"Nyanyua mkono." Fundi alimgeuza. Alimgeuza kwa haraka kuliko siku zote, kwa nguvu kidogo, na alilihisi hilo mikononi mwake, akasimama, akapumua, akaanza upya polepole. "Ulijua kuwa mama mkwe wangu ndiye yule mke?"

"Leo. Sauti."

"Ungesema."

"Niseme nini?" Alitafuta pumzi. "Nilimpenda."

"Ulimpenda mume wa mtu."

"Ndiyo."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Fundi alimpaka dawa, akafunga pamba, akavuta shuka. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, haikwenda popote, lakini kumbe mikono inaweza kufanya kazi yake bila kusubiri ruhusa ya kifua. Alikuwa anafika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Viatu," Kipusa alisema. Machozi yalikuwa yanateremka kuelekea sikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Sikujua. Viatu."

Fundi akarudi, akayafuta.

* * *

Jumapili alikwenda kanisani peke yake. Alimgeuza mgonjwa, akamwomba jirani amchungulie, akaacha ufunguo mahali pake juu ya mlango, akavaa gauni lake la bluu. Angeweza kukaa nyuma, lakini aliamua kukaa mbele. Kama ni kuchekwa, wamcheke wakimwona vizuri.

Kiti cha Mfamasia kilikuwa kitupu. Fundi alikitazama mara ya kwanza, akakitazama tena wakati wa wimbo, kisha akajikataza. Moyo ulimwambia kwamba mwanamume akikimbia siku ya tangazo la tatu hajafichwa na mafua. Alipiga moyo konde.

Mchungaji, mzee mpole asiyependa makelele, alisoma matangazo yote ya kanisa kwanza. Alipofika kwenye ndoa, alisoma majina na kuuliza kama yuko mwenye sababu ya kuizuia.

Mama alisimama. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi kama kawaida.

"Mimi ninayo," alisema. "Binti huyu namjua na tabia yake ni njema. Lakini ndani ya nyumba yake anamlea mwanamke aliyenivunjia nyumba yangu. Wazee hapa mnamjua. Nimemwomba amtoe, amekataa. Siwezi kumpokea mkwe kwa mkono mmoja huku mwingine unapokea aibu yangu."

Watu wakaanza kunong'onezana. Wanawake wenye sare walisogea karibu na mwenyekiti wao. Mchungaji aliinua kiganja.

"Mama, sheria ya kanisa hailiiti hilo pingamizi," alisema. "Lakini ni jeraha, na jeraha tunaliheshimu." Akamgeukia Fundi kwa uso wa baba. "Binti yangu, huwezi kumkabidhi kwa ndugu zake? Kwa ajili ya amani tu."

Fundi alisimama.

"Baba Mchungaji, ndugu zake niliwatafuta. Hakuna aliyenifungulia. Nikadhani basi ndugu zake ni sisi. Ndivyo ulivyotufundisha, hapo hapo ulipo. Kama ulikuwa unatutania, ungetuambia mapema, maana wengine tumeshabeba watu."

Kicheko kidogo kilipita viti vya nyuma, kikafa.

"Alichokifanya sikitetei," aliendelea. "Mama yangu huyu aliumizwa, na ana haki ya kulia mpaka machozi yaishe, nami niko tayari kukaa naye analia. Hata asinisamehe, nitamwamkia kila nikikutana naye. Lakini amani ya kumweka mtu nje ili sisi tukae ndani tunaimba, mimi siijui. Sikuichukua ile kazi ya mgonjwa ili nisifiwe nikawe mkwe. Kwa hiyo kama tangazo halisomeki mpaka atoke, usilisome, Baba. Futa jina langu. Mgonjwa hatoki."

Akachukua mkoba wake. Alitoka kwa njia ya katikati, kati ya viti, bila kukimbia na bila kutazama chini. Machozi aliyazuia mpaka alipopita geti.

Njia nzima alijisemesha. Utazoea. Wangapi wameachwa na wanakula. Kochi lililovunjika hutengenezwa, mtu je? Alipoukaribia mlango wake aliuona uko wazi, na ndani akasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Aliharakisha, akijua jirani hana nguvu za kumwinua mgonjwa.

Hakuwa jirani.

Mfamasia alikuwa amekunja mikono ya shati jeupe la kanisani mpaka juu ya viwiko. Koti na tai vilikuwa sakafuni. Shuka chafu zilikuwa zimekunjwa pembeni, godoro limefutwa, na yeye alikuwa amepiga goti moja kitandani, anamvalisha Kipusa nguo safi, akiupitisha ule mkono uliokufa kwenye shati kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai. Uso wake haukuwa na upole wowote. Ulikuwa umekaza kama wa mtu anayeinua jiwe.

Fundi alisimama mlangoni mpaka kifungo cha mwisho kilipofungwa.

"Nilipita nikuombe radhi kabla ya ibada," Mfamasia alisema bila kugeuka. "Ulikuwa umeshaondoka. Nikasikia anaita. Hakuwa anamwita mtu. Alikuwa anaita tu."

"Ukaingia."

"Nilisimama hapo uliposimama. Nikajiambia, geuka, nenda zako, una haki yote. Miguu ikakubali." Alinyanyuka, akachukua taulo. "Lakini alikuwa amelowa."

Fundi aliinama akaokota koti na tai.

"Bado namchukia," Mfamasia alisema. "Nisikudanganye."

"Sijakuuliza."

"Alipouona uso wangu alijua mimi ni nani. Nimefanana na mzee, wanasema. Akaniomba radhi. Akataja viatu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia anyanyue mkono nimvalishe."

Kitandani, Kipusa alikuwa amefumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka taratibu. Mfamasia alimpita Fundi, akatoka mpaka karakanani, akaegemea meza ya kazi, na hapo ndipo mabega yake yalipoanza kutikisika. Fundi alimshika. Alinukia sabuni na dawa ya vidonda. Walikaa hivyo, yeye akilia kwenye gauni la bluu, mpaka akatulia.

"Jana nilikuacha peke yako," alisema.

"Uliniacha."

"Sirudii."

"Ukirudia sitakufuata. Ujue hivyo. Nimelia vya kutosha njiani leo."

"Nimejua."

"Na nimemwambia mchungaji afute jina langu. Mbele ya kanisa lote."

Mfamasia alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Basi nitakwenda kumwambia aliandike tena. Mbele ya kanisa lote."

"Sikiliza kwanza." Fundi alirudi nyuma hatua moja ili amwone vizuri. "Nikija kwako, naye anakuja. Sina neno la katikati. Mama yako anaweza asikanyage kwetu miaka."

"Mama nitamwendea mwenyewe. Leo jioni, na kesho, na kesho kutwa. Akifunga mlango nitakaa barazani. Nilishawahi kumsubiri mzazi, najua kazi yake. Lakini hatanichagulia nani nimwoe na nani nimwoshe."

Mlango ulijaa ghafla. Shangazi alikuwa amesimama pale, viatu mkononi, anahema kama mvukuto, jasho limeharibu poda yote. Aliwatazama, akaitazama mikono ya shati iliyolowa, akaelewa.

"Huko nyuma yako kumechafuka," alimwambia Fundi alipopata pumzi. "Wengine wanasema umekosa adabu, wengine wanasema mchungaji ndiye aliyekosa. Kwaya imeanzisha wimbo hakuna aliyeitikia."

"Na mama?" Mfamasia aliuliza.

"Amekaa pale pale. Wenzake wamemwambia mwenyekiti, twende tukazungumze na huyu binti, akawaambia mwacheni. Hakusema kwa hasira. Amesema tu, mwacheni." Shangazi alikaa, akasugua nyayo. "Msinywe maji mkasema mvua imenyesha. Wifi yangu si mtu wa siku moja. Lakini mimi nimekuja. Kuna nguo za kufua?"

Fundi alimwelekeza kwenye beseni. Mfamasia alikuwa amerudi mlangoni mwa chumba cha nyuma. Alisimama akikipima kile kitanda kwa macho, kwa upana, kwa urefu, kisha tena kwa upana.

"Vyumba vyangu vya nyuma ya duka," alisema, "milango yake ni myembamba. Hiki hakipiti."

"Kitanda sikikati," Fundi alisema. "Nikikikata kinayumba."

"Nani amesema ukikate? Lete tindo. Tunakwenda kung'oa fremu za milango yangu."

Shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye mapovu. "Leo? Leo Jumapili."

"Ndiyo, Shangazi," Fundi alisema, akifunga aproni ya kazi juu ya gauni la kanisani. "Leo."